Tiketi Mbili, Safari Moja

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, ukumbi wa chakula, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache leo, alipendekeza nizungumzie uongozi. Nilimjibu kwamba nimekaa katika utumishi wa serikali miaka ya kutosha kujua kuwa juu ya uongozi wako wanaosema vizuri kuliko mimi. Nikamwomba aniruhusu nisimulie safari. Alikubali shingo upande, akasema, "Basi iwe na faida kwa vijana." Nitajitahidi, ingawa sehemu kubwa ya hadithi hii ni aibu yangu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 baba yangu mdogo alikuwa mgonjwa wa moyo. Vali moja ilikuwa haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma, miguu inavimba, na usiku hulala ameketi kwa mito mitatu. Daktari alituambia afanyiwe upasuaji bila kungoja sana. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilianzishwa mwaka huohuo wa 2015, na lau ugonjwa ungemjia miaka michache baadaye, labda tusingehitaji kupanda ndege kabisa. Lakini wakati ule ukoo uliamua aende Chennai, kusini mwa India. Tulichanga. Aliyekuwa na ng'ombe aliuza, aliyekuwa na mshahara alikopa. Mimi, kwa kuwa ndiye "msomi" na ndiye mwenye pasipoti, nikachaguliwa kuwa msindikizaji na mtafuta tiketi.

Sasa vijana nieleweni kazi yangu. Mimi ni afisa ugavi. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma mikataba ya zabuni na kuwauliza wazabuni: je, usafirishaji hadi ghalani umo katika bei hii, au haumo? Nimewahi kurudisha zabuni nzima kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi ndogo. Mkumbuke jambo hilo mtakaposikia nilichofanya.

Nilipata bei mbili. Ya kwanza ilikuwa tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Chennai na kurudi, kwa kupitia mji mmoja wa Ghuba, dola 1,460 kwa watu wawili. Ya pili niliishona mwenyewe usiku kwenye kompyuta: shirika la bei nafuu kutoka Dar es Salaam hadi mji uleule wa Ghuba, dola 720 kwa wawili kwenda na kurudi, halafu shirika jingine kutoka pale hadi Chennai, dola 480. Jumla dola 1,200. Nimeokoa dola 260! Nililala kwa furaha. Asubuhi niliwapigia simu wazee wa ukoo kuwaarifu, na shangazi akasema hadharani kwamba elimu ni kitu kizuri.

Kati ya kutua kwa ndege ya kwanza na kuruka kwa ya pili palikuwa na saa tatu na dakika ishirini. Niliona ni muda tele. Hata chai tungekunywa.

Kabla sijaendelea, niwarudishe kidogo kwenye reli, maana wenzangu mliotoka Mwanza na Kigoma mtanielewa upesi. Mnaikumbuka Tabora. Treni ya Mwanza na ya Kigoma zilikutana pale, mabehewa yakaungwa, safari ikaendelea kuelekea Dodoma na Morogoro. Ya Kigoma ikichelewa, ya Mwanza iliingoja, nasi tukashuka kununua asali na karanga, tukalala kwenye masanduku yetu. Hatukuwa na hofu ya kuachwa. Kwa nini? Kwa sababu reli ilikuwa moja, tiketi ilikuwa moja, na mwenye reli alijua kwamba ameahidi kukufikisha mwisho wa safari. Lakini kama ulishuka Tabora ukakata tiketi ya basi la mtu binafsi, basi lile halikujua wala halikujali kwamba treni yako imechelewa. Dereva alipiga honi akaondoka, na hakuwa amekukosea chochote.

Hayo ndiyo mambo ya ndege. Ukinunua tiketi moja, hata kama ina ndege mbili au tatu, aliyekuuzia ameahidi kukufikisha mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni juu yake kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili, umefunga mikataba miwili na watu wawili wasiojuana. Wa pili anakusubiri kaunta saa aliyokuambia. Usipotokea, kwake wewe ni mtu aliyelala nyumbani.

Mtaniuliza, kwa nini mashirika haya ya bei nafuu mengi hayapendi kuunganisha safari? Jibu liko kwenye hesabu yao. Ndege iliyosimama chini haiingizi senti, ila inakula: kodi ya uwanja, mishahara, deni la benki. Shirika la Southwest la Marekani lilianza kuruka mwaka 1971 kati ya miji mitatu ya Texas, yaani Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata fedha zilipungua wakauza ndege moja kati ya nne. Wakajiuliza, je, tupunguze safari? Wakaamua kuziacha kama zilivyo, na ndege tatu zifanye kazi ya nne, kwa kushusha abiria na kupakia wengine katika dakika kumi. Dakika kumi, ndugu zangu, ambazo hapa shuleni hazikutosha kupanga foleni ya uji. Mashirika mengi yaliyokuja baadaye yalifuata njia hiyo: aina moja ya ndege ili mafundi na marubani wajifunze kitu kimoja, viti vingi kadiri inavyowezekana (Boeing 737-800 inaweza kubeba hadi abiria 189), chakula kinauzwa, begi linalipiwa, hata kiti cha dirishani kina bei yake. Kumngoja abiria wa shirika jingine, au kulipokea begi lake na kulihamisha, kunahitaji mapatano, watu na muda. Vyote vitatu ni fedha. Kwa hiyo wengine wamesema wazi: sisi tunakuchukua kutoka kituo hadi kituo, mengine ni yako.

Wala jambo la kusafiri mbali kwa bei ndogo na kupumzika njiani si geni. Miaka ya 1950 shirika la Iceland lililoitwa Loftleiðir lilikataa kufungwa na nauli walizokubaliana wakubwa, likawa linawavusha watu bahari ya Atlantiki kwa bei ndogo, kwa sharti kwamba wapitie kisiwani kwao. Tangu 1955 lilikuwa likiruka hadi Luxembourg, na vijana wengi wa Marekani waliiona Ulaya mara ya kwanza kwa njia hiyo. Halafu tarehe 26 Septemba 1977 Freddie Laker, Mwingereza, akaanzisha safari zake za Skytrain kutoka Gatwick karibu na London hadi New York kwa pauni 59. Tiketi hukuweza kuiwekea nafasi mapema. Ulipanga foleni siku ileile, na chakula ulinunua mwenyewe. Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba 1977 ndio mwaka ambao Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa, tukagawana mbawa. Laker naye hakudumu. Tarehe 5 Februari 1982 shirika lake lilifilisika. Na hivi karibuni, tarehe 28 Machi 2019, shirika la WOW la Iceland, lililokuwa likiwavusha watu kwa bei ya chini vilevile kwa kupitia Reykjavik, lilifunga milango ghafla. Kulikuwa na watu wamefika kisiwani kwa nusu ya kwanza ya safari, na nusu ya pili haikuwapo tena duniani.

Hapa kwetu pia tumeonja. Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Watu waliokuwa hawajawahi kufunga mkanda wa ndege walifunga. Mama yangu mzazi ni mmoja wao. Aliomba dua kuanzia Dar hadi Mwanza na akashuka akilalamika kwamba hawakumpa hata maji. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi kwamba bei nafuu ni mtego. Bei nafuu imewafikisha watu wengi mahali ambapo baba zao walipaona kwenye ramani ya Mwalimu wa Jiografia tu.

Turudi kwa baba mdogo.

Ndege yetu ilikuwa iondoke saa kumi na moja jioni. Tulifika uwanjani saa saba mchana, ukoo mzima, kama tunapeleka mahari. Tulipima mizigo, mfanyakazi akabandika karatasi kwenye begi kubwa. Sikuiangalia karatasi ile. Laiti ningeiangalia ningeona herufi tatu za mji wa Ghuba, na sio MAA, ambazo ni herufi za uwanja wa Chennai tangu mji ulipokuwa ukiitwa Madras. Karatasi ile inasema kweli kuliko mdomo wa mtu yeyote. Begi litashuka pale inaposema, hata wewe mwenyewe ukiwa unakwenda kwingine.

Ndani ya begi lile kubwa palikuwa na nguo, pakiti mbili za unga wa dona (baba mdogo alikuwa ameapa kwamba hawezi kula wali siku thelathini), na mfuko wa dawa zake. Nasema tena: na mfuko wa dawa zake. Shangazi ndiye aliyefunga begi, lakini mimi ndiye niliyesema, "Weka huko, mkononi tusibebe vitu vingi."

Saa kumi na moja ilifika, ndege haikufika. Saa kumi na mbili, bado. Ilitoka nchi nyingine imechelewa, na kama nilivyoeleza, ndege moja ya namna hiyo huzunguka siku nzima. Ikichelewa asubuhi mahali fulani, jioni mnaadhibiwa ninyi msiohusika. Tuliruka saa moja na dakika kumi usiku, yaani saa mbili na dakika kumi baada ya wakati wake. Baba mdogo alifurahia kuona taa za Dar es Salaam kwa juu, akaniuliza ile ni Kariakoo au Magomeni. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Huko Ghuba wako mbele yetu kwa saa moja. Tulipaswa kutua saa tano na nusu usiku kwa saa zao. Sasa tutatua saa saba na dakika arobaini. Ndege ya pili inaruka saa nane na dakika hamsini. Kaunta hufungwa dakika sitini kabla, yaani saa saba na dakika hamsini. Nimebakiwa na dakika kumi, pamoja na mzee asiyeweza kukimbia.

Saa tatu usiku kwa saa za nyumbani, tukiwa angani, baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, nipe dawa zangu." Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Tulitua. Kwenye ukumbi wa abiria wa kupita nilimkuta binti mmoja kwenye dawati, mstaarabu sana. Aliziangalia tiketi zangu mbili, akaziweka moja kando ya nyingine mezani, akaniuliza kwa upole, "Hizi ni safari mbili. Mzigo wenu uko nje, na kaunta ya ndege yenu ya pili iko nje, katika jengo jingine. Mna viza ya kuingia nchini?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa na viza ya matibabu ya India tu. Sikuwa nimejua kwamba mtu mwenye tiketi mbili analazimika kupita Uhamiaji, kuchukua mzigo wake, na kuanza upya kama msafiri anayetoka mjini. Mwenye tiketi moja hupita ndani kwa ndani. Kwa hiyo hata kama ndege yetu ingetua kwa wakati, hata tungekuwa na hizo saa tatu na dakika ishirini, ndugu zangu, tusingeweza kuipanda ile ya pili. Ucheleweshaji uliniongezea presha tu. Kosa nililifanya Dar es Salaam, kwenye meza yangu, usiku ule wa furaha.

Niliisikia ndege ya Chennai ikitangazwa kwa mara ya mwisho. Baba mdogo aliniuliza, "Hiyo siyo yetu?" Nikamwambia ndiyo yetu. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Kuhusu usiku ule nitasema machache. Viti vya chuma vina mikono katikati, mtu hawezi kulala. Baridi ya mitambo yao ni kama ya Njombe mwezi wa saba. Nilimfunika kwa koti langu la mikutano. Kufikia alfajiri miguu yake ilikuwa imevimba viatu havivuliki na pumzi inakuja kwa shida. Nilikwenda kwenye zahanati ya uwanja nikiwa na karatasi moja iliyotuokoa: barua ya daktari wetu wa Dar es Salaam, yenye majina ya dawa na vipimo vyake, ambayo nilikuwa nimeikunja ndani ya pasipoti kwa ajili ya maafisa wa India. Haikuwa busara, ilikuwa bahati. Daktari wa pale aliisoma, akampima, akampa vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya presha vya siku nzima, akanitazama kwa jicho ambalo wanafunzi wa zamani wa shule hii mnalijua, jicho la Mwalimu wa zamu anapomkuta mtu nje ya uzio.

Fedha je? Fedha za hospitali zilikuwa zimekwisha kutumwa Chennai. Nilikuwa na dola 300 mfukoni. Kadi yangu ya benki ilikuwa nzuri kwa kutolea mshahara, lakini haikuruhusiwa kununua kitu nje ya nchi. Inataka uombe benini kwako kabla hujasafiri, nami sikuomba. Shirika lilelile lililotuleta lilikuwa na ndege yake lenyewe ya Chennai usiku unaofuata, saa tatu na dakika arobaini. Nauli ya kwenda na kurudi kwa wawili, dola 690.

Nilikaa na simu yenye chaji ya mwisho nikapitia majina. Nikalikuta la mwenzetu mmoja. Tulilala bweni moja hapa, kitanda chake juu, changu chini, na kwa miaka minne alinidondoshea vumbi la miguu usoni. Alikwenda Ghuba kutafuta kazi, na nilikuwa nimesikia kwamba anatunza hesabu za ghala katika mji uleule. Hatukuwa tumesemezana miaka sita. Nilimpigia saa kumi na moja alfajiri. Alipokea, nikataja jina langu la hapa shuleni, ambalo sitalitaja mbele ya vijana. Akacheka. Nikamweleza.

Hakuweza kutufikia, maana asiye na tiketi haruhusiwi kuingia ndani ya ukumbi ule. Lakini aliniambia nimtumie namba za pasipoti. Kabla ya saa nne asubuhi tiketi mbili mpya zilikuwa kwenye simu yangu, zimelipiwa kwa kadi yake. Yule binti wa dawati alikuwa amekwisha toka zamu. Mwenzake alizisoma, akapiga simu chini, na begi letu likatafutwa na kubandikwa karatasi mpya. Safari hii niliomba nionyeshwe nakala ya karatasi ile. MAA. Niliisoma mara tatu.

Tulikaa uwanjani pale saa ishirini kamili. Chennai tulifika alfajiri. Wao wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Siku ya tano baba mdogo alifanyiwa upasuaji.

Sasa hesabu, maana nimesema mimi ni mtu wa hesabu. Dola 720 za kwanza, dola 480 zilizopotea, dola 690 za tiketi mpya: jumla 1,890. Tiketi moja niliyoikataa ilikuwa dola 1,460. Badala ya kuokoa 260, nilipoteza 430. Mtauliza kwa nini dola 480 zote zilipotea wakati ndege ya kurudi tungeweza kuipanda. Mashirika mengi yana kanuni kwamba usipotokea kwenye sehemu ya kwanza ya tiketi, sehemu zinazofuata zinafutwa. Ilikuwa imeandikwa. Ukurasa wa pili. Afisa ugavi hakufika ukurasa wa pili.

Yule mwenzetu nilimlipa kwa miezi kumi na mmoja. Hakuniuliza hata siku moja. Nimemwomba ruhusa kusimulia haya, amekubali kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na ameongeza nisisahau kusema kwamba vumbi lilikuwa langu mwenyewe.

Vijana, wengi wenu mtasafiri. Wako watakaokwenda kusoma Uturuki, India, China, na mara nyingi tiketi mtakatiwa na wakala wa mjini ambaye naye anashona kama nilivyoshona mimi, kisha anakukabidhi karatasi moja nzuri yenye nembo yake. Muulize: namba ya kuhifadhi nafasi ni moja kwa safari yote, au ni mbili? Akianza kuzungukazunguka, zipo mbili. Muulize tena begi litabandikwa hadi wapi, na je, pale katikati nahitaji viza? Viza ya kupita hutegemea nchi, pasipoti yako na hata aina ya tiketi, kwa hiyo usitosheke na maneno ya aliyepita huko mwaka juzi. Ulize ubalozi au shirika lenyewe.

Na saa. Hili limewaangusha watu wengi wenye shahada. Tiketi huandikwa kwa saa ishirini na nne, na kila saa ni ya mji husika. Ukiona tarehe 14, saa 02:10, hiyo ni saa nane na dakika kumi za usiku wa kuamkia tarehe 14. Maana yake uwe uwanjani tarehe 13 jioni. Namjua mtu, afisa mwenzangu, aliyekwenda na masanduku yake tarehe 14 usiku, amevaa suti, akakuta ndege yake ilikwisha fika, ikashusha, ikapakia na kurudi.

Dawa, barua ya daktari, vyeti vya shule, miwani: mkononi. Maji mengi msibebe, kwani tangu mwaka 2006 viwanja vingi huzuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwa chupa, na pale katikati mnakaguliwa upya; asali ya Tabora ya mjomba itaishia kwenye pipa. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Hayo yamo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na kaunta nyingi hazitakukumbusha.

Je, tiketi mbili ni mwiko? Hapana. Mimi mwenyewe nimezitumia mara mbili tangu hapo. Lakini nilikuwa peke yangu, na begi la mkononi tu, na viza ya mji wa katikati, na nikaweka usiku mzima kati ya ndege na ndege, nikalala kwa yule mwenzetu na kula wali wake mbaya. Kwa namna hiyo ni njia nzuri na inaokoa fedha kwelikweli. Ukiwa na mgonjwa, mtoto mchanga, mtihani au mazishi upande wa pili, lipa hizo dola 260.

Mzee bado yupo. Analima vitunguu, na mwaka jana alinikatalia kumpeleka Dodoma kwa gari langu mpaka nimwonyeshe kwamba nina mafuta ya kufika, sio ya kufika Gairo. Dawa zake anazibeba kwenye mfuko wa shati hata akienda msikitini.

Tiketi zile za dola 480 ninazo hapa. Nitamwachia Mwalimu wa Jiografia, atakayependa aisome kanuni ya ukurasa wa pili na aniambie kama angeiona. Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa wali umeiva.